Wiki ya Mifupa

Juzi nilikuwa Makanya siku ya gulio, napita tu, kama ninavyopita kila mahali. Kijana mmoja alikata kamba za belo la mitumba mbele yetu, na nguo zikafumuka kama donge la unga uliochacha. Harufu ikatoka, ile harufu ya nguo zilizobanwa miezi mingi, dawa ya nondo na jasho la watu wasiojulikana. Wanawake wakainama kuchambua. Katikati ya fulana na masweta nikaona nguo nyeusi, ndogo, ya mtoto, iliyochorwa mifupa myeupe: mbavu, nyonga, mapaja. Mama mmoja akaiinua, akacheka, akasema hiyo angeitundika shambani ifukuze ngedere. Wenzake wakacheka. Mimi mdomo wangu ulijaa ladha ya mahindi yaliyokaa moshini, na ilibidi niondoke nikakae kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni mpaka miguu irudi kuwa yangu.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa miaka ile. Sabuni ilikuwa habari ya kusimulia, sukari ilikuwa dawa ya wagonjwa, na duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu ambazo muuzaji alizifuta vumbi kila asubuhi kwa heshima tu. Kisha tukaambiwa sasa ni ruksa, kila mtu auze anachoweza, na vitu vikaanza kupanda mlima migongoni mwa watu: kandambili, betri, redio, mitumba. Vitu vilipanda, mvua haikushuka. Vuli iliyotangulia ilipita angani bila kutugusa, na masika iliyofuata ilinyesha siku mbili ikaacha. Ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, likakauka hadi vyura wakahama. Tulikula unga wa njano wa msaada, unaonuka gunia, mara moja kwa siku, jioni, ili tulale.

Baba alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya katani na habari zake zilikuwa zimekatika. Mama alikuwa Makanya, anavunja mawe ya jasi kwenye machimbo. Alipanda mlima kuja kwetu kila Jumamosi jioni na kushuka Jumapili. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na Bibi, mama yake baba. Macho ya Bibi yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Alijua mtu kwa mwendo na kwa sauti, na weupe aliuona zaidi kuliko rangi nyingine.

Jikoni, juu ya meko, palining'inia mafungu manne ya mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Moshi ndio uliokuwa mlinzi wake dhidi ya dumuzi. Nililala nikiyatazama na kuamka nikiyatazama. Vuli ilikuwa inakaribia, na kila Jumapili kabla ya kushuka Mama aliyahesabu kwa kidole, kisha alisema neno lile lile: "Mimi nikifa njiani, mnizike. Lakini hayo msiyaguse."

Nilimuuliza kwa nini Bibi hayatazami kamwe mafungu yale, hata akikoka moto chini yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilishachapwa mara nyingi kwa ajili hiyo na sikupona. Mama akanijibu tukiwa tunachuma mnafu kondeni, kwa sauti ya chini. Zamani, kwenye njaa nyingine, Bibi alikuwa na binti aliyeitwa Nakundwa, wa umri kama wangu, miaka kumi. Mbegu zilikuwepo juu ya meko, kama hizi. Mtoto alilia siku nyingi akiomba achemshiwe hata punje chache, na Bibi alikataa, kwa sababu kulikuwa na wadogo wanne nyuma yake. Nakundwa akafa. Mvua ikanyesha, mbegu zikapandwa, wale wanne wakaishi, mmoja wao ni baba yangu. "Usimuulize," Mama akasema. "Na usikae unamtajia jina hilo."

Basi mwezi wa kumi ukielekea mwisho, likaja boksi shuleni. Kanisa fulani la ng'ambo lilikuwa limelituma kwa watoto wa darasa la nne, na tulipolifungua tukakuta nguo ambazo hatukujua zinavaliwa wapi: kofia zenye ncha, barakoa za mpira, ndoo ndogo ya plastiki yenye sura ya boga linalocheka, na nguo tatu nyeusi zenye mifupa. Ndani yake kulikuwa na barua. Mwalimu wetu, Mwalimu Elirehema, alikuwa msichana mchangamfu aliyemaliza chuo karibuni na ambaye hakuwa na chaki. Nadhani ndiyo maana alilipokea boksi lile kama mvua. Alisema tutajifunza nalo wiki nzima.

Jumatatu alitusomea barua akitafsiri. Watoto wa huko, alisema, wana siku yao inaitwa Halowini. Wanavaa kama watu waliokufa, wanapita nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba anajifanya ameogopa na kuwapa vitu vitamu.  Tumaini, aliyekaa nami dawati moja na ambaye hakuweza kuacha kitu kipite bila kukitia chumvi, akauliza kama huko wafu wanapewa vitamu, walio hai wanapewa nini. Tulicheka sana. Mwalimu naye akacheka, lakini nakumbuka aligeuka haraka kuelekea ubaoni.

Jumanne tulisoma mifupa. Nguo moja ilitundikwa kwenye msumari, na Mwalimu akatuonyesha kwa fimbo fuvu, mbavu, uti wa mgongo. Alisema mtu ana mifupa mia mbili na sita. Mimi nikahesabu ile ya kwenye nguo, na haikufika hata sitini. Jambo hilo lilinisumbua kuliko njaa. Nilikuwa nimeamini kwamba kila nguo imechorwa kwa kumpima mtoto fulani aliyekufa, maana kimo chake kilikuwa sawasawa na chetu, na sasa nikaanza kujiuliza mifupa iliyobaki iko wapi. Kwetu mifupa haikuwa mchezo. Kila mtoto alijua ule mwamba upande wa msituni ambapo wazee wa zamani waliweka mafuvu ya wakubwa wa ukoo, na kwamba hapo hupiti ukiimba. Mwalimu alifunga madirisha ili kutuonyesha kitu, na darasa lilipoingia giza, mifupa ya kwenye msumari ikawaka yenyewe, rangi kama ya uyoga. Mtoto mmoja wa mbele alianza kulia na hakutaka kusema kwa nini.

Jumatano tulichora. Alhamisi likapatikana boga moja, dogo, sijui Mwalimu alilitoa wapi. Tulilichonga macho na meno kama picha iliyokuwa kwenye barua, na nyama yake ikachemshwa, kila mmoja akapata kijiko. Halafu tukafundishwa maneno ya kusema mlangoni. Mwalimu aliyageuza yale ya kwenye barua mpaka yakakaa vizuri mdomoni: "Toa, usipotoa utaona." Alisema Ijumaa tutapita kijijini tukikusanya, na kila tutakachopewa, hata kiazi kimoja, kitaingia kwenye sufuria ya darasa, tupike makande. Leo najua hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Alikuwa ametafuta njia ya kutulisha bila kumwaibisha mtu yeyote. Alitoa masharti mawili tu. Aliyevaa asiseme jina lake. Na mtu asiende kwao.

Nguo za mifupa walipewa watatu wembamba kuliko wote, kwa sababu ziliwaenea wao tu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa.

Ijumaa saa nane mchana ukungu ulishuka kutoka msituni, mzito, kama unavyoshuka kila mara vuli inapojifikiria. Nilipangwa na Tumaini, yeye akiwa amepakwa majivu, mimi nikiwa na mifupa na barakoa, nimebeba ile ndoo ya boga. Nyumba ya kwanza walitupa viazi viwili na kutufukuza kwa kicheko. Ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tatu mzee mmoja alitutazama muda mrefu, akatema mate upande, akaingia ndani asirudi. Tumaini akasema turudi shuleni, biashara imedoda. Lakini njia ilikuwa inapita nyuma ya kwetu, na mimi nilishikwa na lile swali langu la siku zote: itakuwaje? Bibi aliyenijua kwa mwendo, atanijua?

"Tumeambiwa tusiende kwetu," Tumaini akasema.

"Wewe baki hapo kwenye migomba."

Nilikwenda kwa mwendo usio wangu, taratibu, nikiburuta unyayo. Jiko la Bibi halikuwa na dirisha. Nilisimama mlangoni ukungu ukiwa nyuma yangu, kisha nikaingia hatua mbili kwenye giza, na nikaona kwa macho yangu mwenyewe mwili wangu ukipotea na mifupa ikibaki.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapepeta kitu. Ungo ukasimama. Nikasema kwa sauti nyembamba niliyofundishwa, "Toa, usipotoa utaona."

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mikono yake ikatetemeka, kisha mabega, kisha kidevu. Nami nikafurahi. Barua ilisema mwenye nyumba hujifanya ameogopa, na sikuwahi kujua kwamba Bibi ni hodari kiasi kile. Nilitaka kumwambia Tumaini aje aone.

"Umebaki mfupi vile vile," akasema, kwa Kipare, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Akainuka akishikilia nguzo. Akapanda juu ya kigoda, yeye ambaye hakuwa amepanda kitu kwa miaka, akanyoosha mkono juu ya meko, akafungua mafungu yote manne, moja baada ya jingine. Aliyashusha, akayakumbatia, akaja nayo hadi nilipo. Hakunitazama usoni. Yaliyoingia kwenye ndoo aliyaingiza, yaliyobaki akanipakatisha mikononi, na masizi yakanipaka kifuani juu ya zile mbavu nyeupe. "Haya," akasema. "Haya. Sasa nenda ukale."

Nimejiuliza kwa miaka mingi nilijua nini pale. Nilijua kwamba ni mbegu. Mtoto wa mkulima hawezi kutojua. Nilijiambia huu ni mchezo, na mchezo ukiisha vitu hurudishwa. Lakini kulikuwa na sehemu yangu nyingine, chini ya kitovu, ambayo haikuwa inacheza. Ilisikia neno "ukale," na ikanigeuza, ikanitoa nje.

Tumaini alipoona mzigo alinipokea nusu yake. Shuleni Mwalimu alishika hindi moja, akalinusa, akaniuliza nani ametoa haya. Nikataja nyumba ya mbali. Akanitazama. Watoto arobaini walikuwa wamezunguka sufuria, wengine tayari wanapukuchua, na Mwalimu akayaacha mahindi yaende. Makande yale yalikuwa na ladha ya moshi hadi kwenye maharage. Nilikula sahani yangu, nikala na ya mtoto aliyekuwa anaumwa tumbo.

Mvua ilinyesha Jumamosi usiku, kubwa, ya kweli. Asubuhi kila mlima ulikuwa na watu wenye majembe wanaitana. Mama, aliyekuwa amepanda mlima jioni na kulala bila kuwasha koroboi, aliingia jikoni akiimba, akatazama juu, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Mama, mbegu ziko wapi?" akamuuliza Bibi.

"Nakundwa amekuja kuzichukua," Bibi akasema.

Mama alikaa chini palepale kwenye majivu. Hakuuliza tena. Nadhani aliamua kwamba mzee amechanganyikiwa na kuzipika, na kwamba kumfokea mtu wa namna ile ni kujitafutia laana. Alizunguka kijiji akiomba mbegu, na watu wakampa, huyu konzi, yule nusu konzi, maana kila mmoja alikuwa na zake za kumtosha tu. Tulipanda matuta sita. Shamba lililobaki liliota magugu, na mimi niliyapita kila siku nikienda shuleni nikiwa nimefumba mdomo. Tumaini naye alinyamaza. Huo ulikuwa urafiki wake.

Nilikuwa nikidhani kwamba angalau Bibi amepata amani. Alikuwa ameombwa kitu kile kile mara ya pili na safari hii ametoa. Lakini haikuwa amani. Alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni, na kila alasiri ukungu uliposhuka aliniita niketi karibu naye, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazima. "Akila, atarudi," alinieleza. "Aliyelishwa hurudi. Na mimi sasa sina kitu. Ukimwona anakuja, niambie mapema." Nikawa mlinzi. Nilikaa pale, bega langu kwenye bega lake, nikiuangalia ukungu kwa niaba yake, nikimngoja mtoto ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa ndani yake. Alikuwa akiuliza, "Unamwona?" Nami nikijibu, "Hayupo, Bibi." Na nitakiri hapa: zipo siku ambazo migomba ilijitikisa bila upepo, na sikuwa na uhakika wa jibu langu.

Kisha akaanza kugawa uji wake. Nusu aliinywa, nusu aliiacha kwenye bakuli kando ya kizingiti, akasinzia. Ule uji ulikaa ukipoa mbele yangu, ukijifunga utando juu. Siku ya kwanza niliutazama tu. Siku ya pili niliunywa. Bibi alipoamka akapapasa bakuli, akalikuta tupu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea barua aliyoitarajia. Kesho yake akaacha zaidi ya nusu.

Sijui ilikuwa wiki ngapi. Najua kwamba mikono yake ilikonda mpaka bangili ya shaba ikawa inateremka hadi kwenye kiwiko na kurudi, na kwamba mimi nilinenepa mashavu. Siku moja Mama alipanda kutoka Makanya, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akamtazama Bibi, akanitazama mimi.  Nikatambua kwamba nisiposema, Bibi atakufa akinilisha bila kujua, na kwamba nitaendelea kunywa.

Kwa hiyo nilisema. Nilingoja Mama ashuke, nikapiga magoti mbele ya kigoda, nikamweleza Bibi yote: boksi, barua, nguo, giza la darasani, Tumaini kwenye migomba, makande. Nilimweleza na uji. Nilimwambia hakuja mtu, nilikuja mimi. Nililia hadi nikashindwa kuendelea.

Bibi alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaleta mikono yake usoni pangu, akapapasa paji, mashavu, taya, akashuka mabegani, akazipitia mbavu zangu moja moja kama Mwalimu alivyozipitia kwa fimbo.

"Nani alikutuma uje nyumbani, na mwalimu alikataza?"

Nikasema hakuna. Nilitaka kuona tu.

"Ulitaka kuona," akarudia.  "Wewe ulidhani umeivaa ile mifupa. Yeye ndiye alikuvaa wewe, mwanangu. Angepata wapi miguu ya kumleta hadi hapa?"

Nilimwapia sivyo. Nilimwambia ni nguo tu, inafuliwa kwa sabuni kama nguo zote. Akatabasamu, akanipangusa pua kwa upindo wa kanga yake, akavuta lile bakuli kutoka kizingitini. Lilikuwa limejaa. Akaniwekea mikononi. "Basi hakuna haja ya kuliacha mlangoni," akasema. "Kunywa nikikuona."

Nilikunywa. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa ananitazama kwa macho yake meupe, na nilikuwa na njaa, na nilikunywa hadi nikaramba bakuli.

Mama alinichukua baada ya sikukuu ya Krismasi. Alisema shule itanisubiri, nikampikie yeye na wachimbaji wenzake kule kwenye jasi, lakini sote wawili tulijua ananiondoa mbele ya lile bakuli. Shule haikunisubiri. Bibi alibaki na shangazi na alifariki kabla ya masika. Shangazi alituambia kwamba siku zote mpaka mwisho alitenga nusu ya chakula chake, na alipoulizwa ni cha nani, alisema mwenye nacho ameshuka Makanya.

Tangu hapo nimeishi mahali pengi. Nimekata mkonge, nimeuza samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nimepika kwenye kambi za watengeneza barabara, na kila mahali naondoka kabla watu hawajanizoea. Wanaosafiri nami wameona jambo moja na wamelifanyia utani: nikifika nyumba yoyote, hata nikiwa nimeshiba, nasimama kwanza mlangoni, sisemi hodi mara moja, na mwenye nyumba akitokea, macho yangu huenda juu ya meko.

Juzi pale Makanya jua lilipopoa nilirudi kwenye lile belo. Ile nguo ilikuwa bado ipo, imetupwa pembeni, hakuna aliyeitaka. Kijana akaniuliza, "Mama, nikufungie? Wa kwako ana umri gani?"

Nikamwambia miaka kumi. Akanifungia.